Vanishi Hukaukaje?

Vanishi zote hung'aa dukani, lakini hazikauki kwa njia moja. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua vanishi ipi ifae kazi gani, na ikiharibika itengenezwe vipi.

Shelaki, iliyoyeyushwa kwa spiriti, na laka, iliyoyeyushwa kwa thina, hukauka kimiminika chake kikishapaa. Utando unaobaki huyeyuka tena ukikutana na kimiminika kilekile. Kwa hiyo tabaka jipya huungana na la chini likawa kitu kimoja, na mikwaruzo huzibika kwa urahisi. Lakini meza iliyopakwa shelaki ikimwagikiwa pombe huharibika.

Vanishi ya mafuta, poliyurethani ikiwamo, hufyonza oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kingine ambacho thina haikiyeyushi. Hustahimili maji na vikombe vya moto, ndiyo sababu inafaa meza ya chakula. Kasoro yake ni kwamba matabaka hayaungani. Lazima tabaka la chini lisuguliwe kwa msasa laini, namba 320 hivi, ili tabaka la pili lipate pa kushika. La sivyo litabanduka kama ganda la kitunguu.

Mafundi wa pwani huijua vizuri laka inayogeuka nyeupe wakati wa masika, na mara nyingi lawama hulishukia kopo bure. Thina inapopaa kwa kasi huupoza ubao, na unyevu wa hewa huganda juu yake kama umande, ukanaswa ndani ya utando. Kuongeza tabaka ni kuufukia. Dawa ni kungoja siku kavu, kisha kupuliza kidogo thina inayopaa polepole, ili utando ulainike na unyevu utoke.

Mvule una shida yake. Ndani ya mbao yake mna kemikali inayozuia vanishi ya mafuta isikauke, nayo hubaki ikinata kwa siku kadhaa. Msaji nao una mafuta mengi yanayoleta shida kama hiyo. Vanishi inayonata ikwanguliwe yote, ubao ufutwe kwa thina, kisha upakwe shelaki iliyoondolewa nta. Shelaki hiyo hushika mbao, nayo vanishi huishika.

Mapovu hutokana na kutikisa kopo. Vanishi hukorogwa taratibu kwa kijiti. Vishimo mithili ya macho ya samaki huletwa na silikoni ya polishi iliyotumika zamani.

Kwa mlango wa nje, jua hupenya utando usio na rangi na kuiharibu mbao iliyo chini yake. Vanishi ya mashua, yenye vizuizi vya mionzi, hudumu zaidi, ingawa nayo huhitaji kupakwa upya.

Mafuta ya kitani nayo hukauka kwa oksijeni, na kukauka huko hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pembeni mwa karakana vinaweza kuwaka vyenyewe. Vinapaswa kutandazwa nje kimoja kimoja hadi vikakamae.