Kamera za Usalama na Chenga za Umeme: Picha Yenyewe Huonyesha Kosa Lilipo

Kamera ya usalama hufungwa ili siku ya tukio iwepo kumbukumbu isiyobishaniwa. Katika Wilaya ya Mbinga kumbukumbu hiyo huwa na thamani ya pekee wakati wa msimu wa kahawa, maghala ya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) yanapohifadhi jasho la mwaka mzima la wakulima. Huko mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, mwenye duka la vifaa vya uvuvi au ghala la dagaa ana sababu hiyohiyo ya kulinda mali yake. Lakini picha iliyojaa mistari na chenga haionyeshi sura ya mtu wala namba ya pikipiki, na mara nyingi kasoro hiyo hugunduliwa baada ya mali kuibwa.

Wamiliki wengi huona picha mbovu wakanunua kamera mpya, kisha kasoro ikarudi vilevile. Sababu ni kwamba mara nyingi kamera ni nzima, na kinachoharibu picha ni umeme unaoingia mahali usipotakiwa. Kila chanzo huacha alama yake katika picha. Anayeijua alama hiyo hujua pa kuanzia.

Mistari minene inayopanda au kushuka polepole

Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera za kawaida zinazotumia kebo ya picha, inayofanana na ile ya antena ya televisheni, hutoa picha 25 kwa sekunde. Umeme huo unapopenya katika kebo ya picha, hujitokeza kama mikanda ya kiza na mwanga inayotembea polepole juu ya kioo.

Chanzo kikuu ni mfumo kugusa ardhi mahali pawili. Kinasa picha kimeunganishwa na waya wa ethi ofisini, na kamera nayo imefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa nje. Ardhi ya sehemu hizo mbili haina volti sawa, hivyo mkondo mdogo hupita katika kebo ya picha ukitafuta njia.

Tiba yake ni kuitenganisha kamera na chuma kwa kipande cha plastiki au mpira, au kufunga kitenganishi maalumu kwenye kebo ya picha. Kamwe mtu asikate waya wa ethi wala kuung'oa kwenye plagi ili mistari ipotee. Mistari inaweza kupotea kweli, lakini siku hitilafu itakapotokea, mwili wa chuma wa kifaa unaweza kubeba umeme wa volti 230, na atakayeugusa atakuwa hatarini kupoteza maisha.

Chenga zinazokuja na kuondoka

Chenga zinazotokea saa fulani tu huashiria mashine iliyo jirani. Mota ya kinu cha kusaga au kukoboa, mashine ya kuchomelea vyuma na hata taa iliyochakaa hutoa cheche na mawimbi yanayonaswa na kebo iliyo karibu. Dalili huwa wazi zaidi pale fundi alipopitisha kebo ya picha na waya wa umeme katika bomba moja ili kuokoa gharama. Kebo hizo zinapaswa kuachana kwa sentimita 30 au zaidi, na zikilazimika kukutana, zikatishane kama alama ya msalaba.

Kwa nyumba zinazotumia sola, inveta za bei nafuu zinazotoa umeme usio laini nazo huleta chenga. Kamera ya volti 12 ikipewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kupitia kidhibiti kinachofaa, inveta haihitajiki kwa kamera hiyo.

Picha nzuri mchana, kiza usiku

Usiku kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho, na hivyo huhitaji umeme mwingi zaidi. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti hupotea njiani. Mfano ni kamera inayotumia ampea 0.5 usiku, iliyo mita 40 kutoka kwenye adapta ya volti 12. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, takriban volti 1.4 hupotea na kamera hupata 10.6. Kwa waya wa milimita za mraba 0.2, hupotea takriban volti 3.4, na kamera hubaki na 8.6 ambazo kwa nyingi hazitoshi. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu hupoteza zaidi. Tiba ni waya mnene zaidi au adapta kuwekwa karibu na kamera.

Picha inayoganda au kukatika

Kamera zinazotumia kebo ya mtandao hazionyeshi mistari, kwa kuwa picha husafiri kama tarakimu. Zinapoingiliwa, picha huganda au hupotea kabisa. Kebo ya mtandao isizidi mita 100 bila kifaa cha kuongeza nguvu. Kamera zisizo na waya huzuiwa na mabati ya paa na kuta nene, hivyo kifaa cha mtandao kiwekwe mahali panapoonana na kamera.

Namna ya kupima bila kubahatisha

Kanuni ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza, kioo kidogo kipelekwe palipo kamera na kuunganishwa hapohapo; picha ikiwa safi, kosa lipo njiani. Pili, kamera ya volti 12 iendeshwe kwa muda kwa betri, hata ya pikipiki. Mistari ikitoweka, kosa lipo kwenye adapta au ethi. Tatu, kamera ing'olewe kwenye nguzo na kuwekwa juu ya ubao mkavu. Picha ikitulia, chuma cha nguzo ndicho njia ya mkondo. Nne, mashine za jirani zizimwe moja baada ya nyingine. Tano, volti zipimwe kwenye kamera usiku, taa zake zikiwa zinawaka.

Viungio vilivyo nje vifungwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Unyevu wa ziwani na ukungu wa milima ya Umatengo huleta kutu, na kutu hufungua mlango wa chenga. Kwa kuwa masika huja na radi, kebo zitokazo nje zifungwe vizuia radi vilivyounganishwa na ethi iliyo imara.

Wa kumwendea

Tangu mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika, Mkoa wa Ruvuma umeunganishwa na Gridi ya Taifa badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukipungua nguvu kwa mtaa mzima, taarifa ipelekwe ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Kosa likiwa ndani ya jengo, hasa linalohusu ethi, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mmiliki akumbuke pia kwamba sura ya mtu ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2022. Kamera ielekezwe kwenye mali inayolindwa, isielekezwe kwenye ua wa jirani. Mara moja kwa wiki, mchana na usiku, picha zilizorekodiwa zifunguliwe na kutazamwa. Dakika tano za ukaguzi huo hugundua kasoro kabla mwizi hajainufaika nayo.