Mtutu Ubaki Mbele: Kwa Anayekwenda Shabaha Mara ya Kwanza

Sisi tuliokulia Tarime, mlio wa bunduki usiku ulikuwa na maana moja: zima taa, lala chini, subiri kukuche. Ni wizi wa ng'ombe, au koo mbili zimevurugana. Wenzetu wa Serengeti, wa vijiji vya kando ya hifadhi kama Robanda, nao wana hadithi zao za askari wanyamapori na majangili. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha sita na kuitwa JKT, nilijiona bunduki naijua. Siku ya kwanza ya shabaha nikagundua nilichokuwa nakijua ni woga tu, na woga haukufundishi kushika silaha.

Kwetu hatuna uwanja wa mtu kujiendea tu na bumu lake, akalipa na kufyatua kama kwenye sinema. Kenya wenye silaha za leseni wana uwanja wao pale Kirigiti, Kiambu. Kwa vijana wengi wa Tanzania mlango ni JKT, ambayo kwa wahitimu wa kidato cha sita ilirudishwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Wengine huingia kupitia mafunzo ya mgambo huko wilayani, au ajira za uaskari na uhifadhi. Ukipitia mlango wowote, adabu ya uwanjani ni ileile.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mstari, SMG begani. Risasi ya tatu haikutoka. Nabonyeza, kimya. Nikafanya anachofanya mtu yeyote kifaa kikimgomea: nikageuka kumuuliza afande. Mwili ulipogeuka, bunduki nayo ikageuka, na mtutu ukapita usawa wa kichwa cha dada aliyelala kushoto kwangu. Afande aliudaka mtutu, akaurudisha mbele, akanikandamiza bega. Hakupiga kelele. Tulipomaliza aliniambia, "Kuruta, nenda kamwombe radhi yule." Nilipokwenda, dada akashangaa: "Radhi ya nini?" Alikuwa anaangalia shabaha yake, hakuona kitu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: mtutu ubaki mbele, kwenye shabaha, hata kama umeitwa, umechomwa na mchwa, au bunduki imegoma. Ikigoma, usigeuke na usichungulie. Wakati mwingine baruti huchelewa kushika, na risasi hutoka sekunde kadhaa baada ya kubonyeza. Acha mtutu mbele, toa kidole, inua mkono mmoja, hesabu mpaka 30, msubiri mkufunzi.

Ya pili: kila bunduki ihesabu ina risasi. Hata kama mwenzako ameifungua mbele yako sasa hivi, ukiipokea ifungue tena uone mwenyewe. Hiyo si dharau. Wenye kazi yao wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayenuna.

Ya tatu: kidole kikae nje, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka uwe umelenga na umeruhusiwa. Mtu akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe. Kidole kikiwa tayari kwenye kifyatulio, mshtuko mdogo unatosha.

Ya nne: jua kilicho nyuma ya shabaha. Risasi ya SMG hutoka kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Ndiyo maana nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo au mlima, na bendera nyekundu hupandishwa. Mchungaji anayeiona bendera hugeuza ng'ombe wake. Wewe ukiona mtu au ng'ombe mbele, piga kelele: "Acha!" Hapo hakuna cheo. Kuruta wa mwisho anaruhusiwa kusimamisha kila mtu.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna atakayekuambia mapema. Vaa nguo iliyofunga shingoni. Maganda hutoka ya moto, na likikudondokea ndani ya shati utacheza ngoma ukiwa na bunduki mkononi. Ziba masikio kwa vizibo vyenyewe. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na uharibifu wake wa masikio haurudi nyuma. Kitako kibane vizuri begani, la sivyo utarudi bwenini umevimba. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Jina lenyewe linakukumbusha: risasi ni madini, na ni sumu.

Usimsemeshe mtu aliye kwenye mstari. Usiguse silaha yoyote watu wakiwa wamekwenda mbele kuangalia shabaha. Usipige picha bila ruhusa, hata kama status yako ina njaa. Na usimcheke anayetetemeka. Huwezi kujua kwao mlio huo unamkumbusha nini.

Mwisho, usiondoke na kitu, iwe risasi au ganda. Na chuma usichokielewa usikiokote kabisa. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, bomu lililookotwa na mtoto lililipuka na kuua wanafunzi watano. Ukiona kitu cha namna hiyo, weka alama kwa mbali, zuia watoto, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nilivyorudi nyumbani, baba mdogo alitoa bunduki yake ya ulinzi, ya kibali kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Akaninyooshea sebuleni, watoto wamekaa pale. "Shika, wewe si umetoka jeshini?"

Nikamwambia, "Shikamoo tena baba, ila naomba uifungue kwanza, mtutu uelekee chini."

Akacheka. "Haina kitu hii."

"Najua, baba. Fungua tu."

Akaifungua. Kweli haikuwa na kitu. Shangazi akanong'ona kwamba jeshi limenitia woga. Sikubishana naye. Lakini likizo iliyofuata nilimwona baba mdogo akimkabidhi jirani bunduki ileile: akaielekeza chini, akaifungua, akachungulia, ndipo akampa. Hakuna aliyemwomba.