Kula Vizuri Tanga Bila Kumaliza Nauli ya Kurudi
Na mwandishi wetu, Mwamapalala

Akina mama wenzangu, safari nyingi tunazosafiri sisi wanawake wa vijijini si za matembezi. Tunakwenda kwenye semina, kwenye makongamano ya kwaya, kumpeleka mtoto chuoni, au kumuuguza ndugu aliyelazwa mbali. Nauli tunaichanga kwa miezi. Mahali pa kulala hupatikana kwa wenyeji au katika hosteli ya kanisa. Kinachotushinda mara nyingi ni chakula. Mama mwenye shilingi elfu kumi za siku nzima huogopa kuingia mgahawani, akashindia soda na keki, na jioni anaumwa kichwa. Kama ana kisukari au ana mimba, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Mwezi Agosti 2023 tulikwenda Tanga akina mama tisa kutoka kwetu Mwamapalala kwa semina ya wiki moja. Waliokuwa wamewahi kuiona bahari kabla ya safari hiyo walikuwa wawili tu. Mmoja wetu anatumia dawa za kisukari, mwingine alikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Kila mmoja alikuwa na shilingi 10,000 za chakula kwa siku, fedha iliyotokana na choroko na pamba. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, wenzangu waliniachia kazi ya kutafuta mahali pa kula. Nimeombwa niandike tuliyojifunza, maana wengine watakwenda huko, na mengi yatawafaa hata Mtwara, Bagamoyo au Pangani.

Mji wenyewe ulivyo

Tanga ni jiji tangu mwaka 2005, lakini ni jiji dogo. Sensa ya 2022 ilikuta watu wasiofikia laki nne. Mabasi hushusha abiria stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na hapo ndipo mgeni mwenye njaa hupoteza fedha. Mmoja wetu aliketi, akala wali kwa kipande cha samaki, kisha akaambiwa shilingi 9,000. Hakuwa ameuliza bei kabla. Hili si la Tanga peke yake, kila stendi nchini ina watu wanaojua kwamba abiria hatarudi kesho. Ushauri wangu ni kunywa chai tu hapo, kisha uingie mjini.

Ndani ya mji kuna reli, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 kuelekea Usambara. Upande wa bahari ndiko kuliko ofisi, benki, hospitali ya Bombo na, ukiendelea mbele, hoteli za Raskazone zenye upepo mzuri na bei zinazolingana na huo upepo. Upande wa pili wa reli ni Ngamiani, mtaa wa watu wengi, ambao barabara zake hutajwa kwa namba: barabara ya tano, ya nane, ya kumi na mbili na kuendelea. Mgeni hapotei kirahisi. Huko, na kuzunguka soko la Mgandini, ndiko waendako watu wa kawaida kula.

Nani wa kumwuliza?

Usimwulize dereva wa bajaji, "Wapi kuna hoteli nzuri?" Atakupeleka anakodhani mgeni anapenda. Mwulize, "Wewe mwenyewe mchana unakula wapi?" Swali hili moja lilitufaa kuliko mengine yote. Dereva, fundi cherehani, kuli wa bandarini na mwalimu wa shule ya msingi hula nje kila siku, na hawawezi kulipa kikubwa wala kuugua tumbo kila wiki. Wauguzi pia ni wa kuulizwa. Kila hospitali ina akina mama wanaopika karibu na geti, na wauguzi wa zamu wanajua ni nani kati yao anayefunika chakula chake na nani anayekiacha wazi kwa nzi.

Kisha nenda ukaangalie mwenyewe saa sita na nusu, kabla ya watu kujaa. Mpishi wa kweli wakati huo sufuria zake ndiyo kwanza zinateremshwa jikoni. Ikifika saa nane zimekwisha, naye anaosha vyombo. Ukikuta mahali sufuria limejaa saa tisa alasiri, shukuru, uondoke.

Jicho la muuguzi

Wenzangu walinicheka kwa kuwa huanza kutazama nyuma ya kibanda kabla ya kutazama chakula. Natazama ndoo ya kunawia: ina koki, au watu wanachovya mikono katika beseni moja? Sabuni ipo? Vyombo vinasuuzwa kwa maji mangapi? Kama ni beseni moja tangu asubuhi, na maji yamekuwa ya kijivu, sahani zinazong'aa hazinidanganyi. Kwa taratibu za afya, mpika chakula cha kuuza hupaswa kupimwa na kuwa na cheti. Si vibaya kuuliza kwa heshima. Aliye nacho hukitoa kwa furaha.

Sisi wa Simiyu hatuhitaji kuhubiriwa juu ya hili. Mwanzoni mwa 2024 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata kipindupindu, na waliokuwa zamu siku zile wanakumbuka. Chakula cha moto kinachotoka jikoni kuja kwenye sahani yako ni salama kuliko saladi nzuri katika hoteli ya kifahari. Kachumbari niliwakataza wenzangu siku zote saba, na walinung'unika. Barafu ya kwenye juisi ya miwa pia, maana hujui maji yake yalitoka wapi. Kiu ya Tanga ina dawa yake, nayo ni dafu. Mwambie muuzaji alitoboe mbele yako, unywe humo humo, si katika bilauri inayopita kwa watu wote.

Wali nao una hila. Ukipikwa, ukaachwa vuguvugu saa nyingi, vijidudu fulani hukua ndani yake na kutoa sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi. Wali wa nazi huchacha upesi zaidi katika joto la pwani. Kwa hiyo tulikula wali mchana tu. Jioni tulikula vitu vinavyopikwa papo hapo: chapati, mihogo ya kukaanga, maharage yanayochemka.

Samaki wa baharini si sato

Kanda ya Ziwa tunajua sato, sangara na dagaa wa Mwanza. Baharini tulikuta changu, tasi, kibua, nguru, jodari na pweza. Namna ya kumtambua aliye mzima ni ile ile: macho angavu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Samaki kama jodari, kibua na nguru wasipowekwa kwenye barafu baada ya kuvuliwa, hutengeneza sumu inayomfanya mlaji awashwe, uso uwe mwekundu, kichwa kigonge na moyo uende mbio, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Watu husema ni mzio. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Ukionja samaki wa aina hiyo, ukasikia ukali kama wa pilipili ambayo haikutiwa, acha hapo hapo.

Pwani ya Tanga iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Samaki wa namna hiyo nyama yake hulegea na uti wake mara nyingi huwa umevunjika. Ukimwona, usimnunue, kwa afya yako na kwa ajili ya matumbawe yao.

Bei ya samaki hufuata upepo. Wakati wa kusi, ambao ni katikati ya mwaka, bahari huchafuka, ngalawa hazitoki kila siku, na kipande huwa kidogo kwa fedha nyingi. Sisi tulifika ndani ya kusi. Badala ya kugombana na bei tulikula samaki siku tatu tu, siku nyingine mbaazi za nazi, maharage, mchicha na kisamvu. Mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi ni chakula cha kushibisha, na wala hakina aibu. Ugali wa muhogo, ambao wenyeji huuita bada, uliwagawa wenzangu. Mimi niliupenda. Mama mmoja alisema anautamani mtama wake, akala kimya.

Tulivyopatana na bibi wa Ngamiani

Siku ya pili tulimpata bibi mmoja Ngamiani, mwenye mabenchi manne na sufuria zilizosuguliwa zikawa kama kioo. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba tuko tisa, kwa siku zote zilizobaki.

"Mnataka nini na mna shilingi ngapi?" aliuliza. Napenda mtu anayeuliza hivyo.

Tulipatana chai na kitafunwa 1,500, chakula cha mchana 3,000, cha jioni 2,500. Ukiongeza 1,500 ya matunda na maji, siku ilikwisha kwa 8,500. Sharti lake lilikuwa moja: tulipe nusu ya fedha ya kesho jioni ya leo. Baadhi yetu walisita. Akaeleza bila kuficha. Mchele, mafuta na mkaa hununua kwa fedha taslimu alfajiri. Asipokuwa nayo, hukopa kwenye ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na riba hula faida yote ya siku. Akipata fedha jioni, hakopi, na anaweza kutuongezea kipande. Tukalipa. Vipande viliongezeka kweli.

Tukikaa kula kwa wanawake hawa, tukumbuke walikotoka. Miaka ya 1980, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu na mishahara haifiki mwisho wa mwezi, ndipo walipoenea mijini, wakaitwa mama ntilie kwa kuwa mlaji husogeza sahani akisema nitilie. Baada ya sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, wengi walifukuzwa barabarani na sufuria zao. Mwezi Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Siku hizi huitwa mama lishe, na wanaume nao wameingia, wakaitwa baba lishe. Mtu anayekuombea punguzo la shilingi mia mbili kwa mama wa namna hii, kisha akanunua soda mbili, mimi simwelewi.

Wenye kisukari, presha na watoto

Mama mwenzetu wa kisukari hawezi kungoja chakula. Akimeza dawa zake halafu chakula kikachelewa, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, hata maneno kuvurugika. Tulimwomba bibi ampakulie kwanza, saa sita kamili. Mkobani alikuwa na pakiti ndogo ya sukari kwa dharura. Kwenye sahani, wali nusu ya kawaida, maharage na mboga kwa wingi. Jambo la kuangalia pwani ni chai, maana mara nyingi hutiwa sukari tangu jikoni. Agiza mapema yako ibaki kavu. Wenye presha wasizoee ng'onda na papa mkavu, chumvi yake ni nyingi mno.

Mtoto aliharisha siku ya nne. Alikuwa amepewa juisi barabarani na mtu mwenye huruma. Tulikuwa na pakiti za dawa ya maji na chumvi, ile inayochanganywa katika lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Aliendelea kunyonya na kula uji. Siku ya sita alikuwa anakimbiza kuku wa bibi. Angelegea, macho yakadidimia, au kukawa na damu, tungekwenda hospitali saa ile ile.

Kwa maziwa, Tanga ina bahati. Kiwanda cha Tanga Fresh, kilichoanza miaka ya 1990, hupokea maziwa ya wafugaji wadogo na kuyachemsha kitaalamu kabla ya kuyafunga. Sisi Wasukuma tulijisikia nyumbani na mtindi wake.

Mwezi wa Ramadhani

Wenyeji wengi wa Tanga ni Waislamu. Ukienda katika mwezi wa mfungo, migahawa mingi ya Ngamiani haipiki mchana. Usiende kulalamika. Pika uji na viazi hosteli, au patana na mpishi akuwekee chakula ndani, na usile ukitembea barabarani. Jua likizama, mitaa hujaa futari: mihogo ya nazi, magimbi, kunde, tambi, uji wa pilipili manga. Bibi wetu alisema huo ndio mwezi anaopika vizuri kuliko yote, na bei haipandi sana kwa kuwa wateja ni majirani zake.

Fedha iliyobaki, 1,500 kwa kila mmoja kwa siku, ilikuwa 94,500 kwa siku saba. Sehemu ililipa bajaji za kwenda Kange, nyingine ikanunua machungwa basi liliposimama Muheza. Bibi tulimwachia michembe yetu iliyobaki. Aliitazama sana, akauliza hupikwaje, na kama hukubali tui la nazi. Tulimwambia ajaribu.