Kabla ya kuhamia nyumba mpya, chunguza stima na gesi

KILA mwisho wa mwezi, mikokoteni na pikapu zilizosheheni vitanda, makochi na masufuria huonekana zikipita katika barabara za mitaa ya Eastlands, Nairobi. Huyu anatoka Kayole kwenda Umoja, yule anatoka Huruma kwenda Dandora, na mwingine ameoa majuzi na anatafuta nafasi Donholm. Kabla ya kuhama, mpangaji huwa ameuliza mambo mengi: kodi ni pesa ngapi, depoziti ni ya miezi mingapi, maji hutoka siku gani na lango hufungwa saa ngapi. Ni wachache wanaouliza stima inaingiaje katika nyumba ile, na gesi itawekwa wapi.

Ukurasa wa afya umezoea kuzungumzia malaria, homa ya matumbo na shinikizo la damu. Hata hivyo, yapo madhara yanayoletwa na nyumba yenyewe, nayo ni kuungua, kupigwa na stima na kuvuta hewa yenye sumu. Siku za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mpangaji bado hajaijua nyumba, giza limeshaingia, watoto wana njaa na hakuna ajuaye swichi kuu iko wapi.

Mita ni ya nani?

Katika Nairobi, stima huletwa na kampuni ya Kenya Power hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, nyaya ni za mwenye nyumba. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua mita yako ni ipi, na imesajiliwa kwa jina la nani.

Nyumba nyingi siku hizi zina mita za tokeni. Mita huwa na nambari yake ya tarakimu 11, na ukilipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo 888880, unaletewa tokeni ya tarakimu 20 ambayo hukubaliwa na mita hiyo pekee. Katika magorofa, mita huenda ikawa chini mlangoni au juu ya mlingoti, na nyumbani kukawa na kidude chenye vitufe vya kuingizia tokeni. Hakikisha kidude hicho kipo, kwani wapo wapangaji ambao huondoka nacho.

Nunua tokeni ya pesa kidogo kabla ya kuhamisha vyombo, uone kama itaingia. Jaribio hili dogo hufichua mambo mawili. La kwanza ni deni. Ikiwa aliyekutangulia aliacha deni katika akaunti, sehemu ya pesa zako huenda ikakatwa kulilipa. La pili ni mita iliyopitwa na wakati. Mita za tokeni kote duniani zilihitaji kubadilishwa mpangilio kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na wateja wa Kenya Power walitumiwa nambari maalumu za kufanya hivyo. Nyumba iliyokuwa tupu wakati huo huenda mita yake haikushughulikiwa, na mita kama hiyo haipokei tokeni mpya. Afadhali kugundua hayo saa nne asubuhi kuliko saa nne usiku. Ukikwama, nambari ya bure ya Kenya Power ni 97771, au ubonyeze *977# kwenye simu.

Ikiwa mita ni ya kulipa mwisho wa mwezi, soma tarakimu zake siku unayopokea ufunguo, uziandike na kumwonyesha mwenye nyumba. Bila hivyo utalipa stima iliyopigia pasi nguo za mwingine.

Zipo ploti nyingi ambazo wapangaji kadhaa hutumia mita moja, na mwenye nyumba ameweka mita zake ndogo ndogo katika kila chumba. Hapo uliza bei ya yuniti moja. Kwa mujibu wa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, mteja wa nyumbani hupangwa katika kundi kulingana na wastani wa matumizi ya miezi 3 iliyotangulia. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, na anayepita yuniti 100 hulipa bei ya juu. Vyumba vinane vikitumia mita moja, wote huhesabiwa kama mteja mmoja mkubwa, hata ikiwa kila mmoja ana balbu mbili na redio tu.

Nyaya na uzito wa mzigo

Buru Buru ilianza kujengwa miaka ya 1970, na nyumba zake zilikusudiwa familia moja moja. Tangu wakati huo, wenye nyumba wengi huko, na vilevile Umoja na Dandora, wameongeza vyumba mbele, nyuma na juu. Mara nyingi chumba kilichoongezwa huvutiwa waya kutoka chumba kilichokuwapo. Waya uliokusudiwa familia moja sasa hubeba majokofu matatu na pasi nne. Waya unaobeba kuliko uwezo wake hupata joto, ngozi yake huyeyuka, na hapo ndipo moto huanzia, pengine ndani ya dari ambako hakuna anayeuona.

Hesabu yenyewe si ngumu. Stima yetu ni ya volti 240, na soketi ya kawaida hubeba ampea 13, yaani wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikichomekwa pamoja katika ekstensheni moja, tayari zimepita kiasi hicho. Shawa ya kupasha maji huweza kutumia wati 5,000 au zaidi, kwa hivyo ni lazima iwe na waya wake mnene na swichi yake.

Shawa hizi zahitaji tahadhari zaidi, kwani maji na stima hukutana juu ya kichwa cha mtu aliyelowa, asiye na viatu. Nyumba nyingi za Eastlands hutumia maji ya visima yenye chumvi, na maji hayo hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji baridi ya mfereji. Ipo shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ulizia hiyo. Ukihisi mwasho mdogo mkononi unapogusa mfereji au bomba, usizoee. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhini haupo au umekatika. Zima shawa na usiiguse tena hadi fundi afike.

Fundi huyo naye awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe swichi kuu, na pia swichi ya usalama inayojikata yenyewe stima inapovuja. Swichi hiyo huwa na kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza, stima inapaswa kukatika papo hapo. Isipokatika, swichi hiyo ni pambo tu.

Na je, stima ya sambaza? Ni rahisi, na pengine utaambiwa kila mtu mtaani anaitumia. Lakini nyaya zake hupita chini, juu ya mabati na ndani ya mitaro, bila fyuzi na bila waya wa ardhini. Mvua ikinyesha, mtoto anayecheza nje ndiye wa kwanza kuzikanyaga.

Gesi huja na mtungi

Hapa kwetu nyumba nyingi hazina gesi ya bomba. Kila mpangaji huhama na mtungi wake, wa kilo 6 au wa kilo 13. Wa kilo 6 kwa kawaida hufungwa kichomeo juu ya mtungi wenyewe, na huu ndio wengi huuita meko. Wa kilo 13 hutumia regulata na mpira hadi kwenye jiko.

Kanuni za mwaka wa 2019 ziliondoa utaratibu wa awali uliowataka wauzaji wote kubadilishana mitungi ya kampuni mbalimbali. Sasa mtungi hujazwa na kampuni yenye jina lililo juu yake, au ile iliyopewa idhini na kampuni hiyo. Kwa hivyo kabla ya kuhama, tembelea maduka ya mtaa mpya uone kama gesi ya kampuni yako inapatikana. Mitungi inayojazwa vichochoroni huenda ikapunjwa, na vali zake hazikaguliwi.

Unaponunua, dai mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechorwa juu ya chuma chake. Toa uzito huo kutoka kwa ule wa mizani, na kinachobaki ndicho kiasi cha gesi uliyouziwa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya kitanda na ndani ya mitaro. Katika chumba kimoja cha Pipeline au Tassia, ambako kitanda kiko hatua mbili kutoka kwa jiko na dirisha linatazama ukuta wa jirani, jambo hili ni la kufa na kupona. Weka mtungi wima, karibu na mlango au dirisha, mbali na soketi. Kila unapofunga kichomeo au regulata, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata kidogo.

Kwa asili gesi haina harufu, ndipo ikatiwa ile harufu ya kitu kilichooza ili mtu atambue. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima stima, kwani cheche ya swichi yatosha. Funga vali, fungua mlango na madirisha, toa watu nje, na simu upigie nje.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wakiwa katika nyumba zao. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka wa 2023. Funzo kwa mpangaji ni kwamba asichunguze chumba chake tu. Azunguke, atazame jirani kuna nini.

Makaa si mbadala wa usiku

Tokeni ikikataa na gesi ikiisha, wengi huingiza jiko la makaa ndani, hasa katika baridi ya Juni na Julai. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja jiko likiwaka, watoeni nje mara moja na mkimbilie hospitali.

Mafuta taa nayo yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni huleta madhara makubwa zaidi. Mpeleke hospitali.

Ajali ikitokea

Aliyenaswa na stima asiguswe. Zima swichi kuu kwanza, au msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, mayai na mafuta ya kupikia havitibu, bali huongeza uchafu. Kwa kuwa mifereji ya Eastlands hukauka mara kwa mara, jerikeni moja ya maji safi isikose nyumbani. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu na mitaa mingi ya huku, na nambari za dharura ni 999 na 112.

Msomaji, mambo haya yote huchukua saa moja kuyakagua. Wakati wake ni kabla ya kulipa depoziti, kwa kuwa mwenye nyumba anayetafuta mpangaji hurekebisha soketi siku hiyo hiyo. Akishapokea pesa, utamtafuta kwa simu hadi mwezi uishe.