CHUJIO LA DIZELI: KITU KIDOGO KILINDACHO MALI NYINGI

Eldoret, mji uliotangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, uko juu ya njia kuu itokayo bandari ya Mombasa, ipitayo Nairobi na Nakuru, na kufika Malaba katika mpaka wa Uganda. Usiku na mchana malori makubwa hupita hapo au kando yake, yakichukua mbolea, saruji, chuma na mafuta kwenda bara, na kurudi na mahindi, chai, kahawa na mbao. Karibu yote huendeshwa kwa dizeli. Tena katika Uasin Gishu na Trans Nzoia wako wakulima wengi ambao mavuno yao hayafiki sokoni ila kwa lori. Kwa hiyo habari ya uzima wa injini hizi haiwahusu madereva na mafundi peke yao. Yamhusu pia mkulima ambaye magunia yake yangoja gari huku mawingu ya mvua yakikusanyika.

Miongoni mwa mambo yasimamishayo malori njiani, liko moja ambalo si gumu kuzuia. Nalo ni chujio la dizeli lililoziba, au lisilofaa injini, au lililofungwa vibaya. Mafundi wengi huliita filta. Yafaa kila mwenye lori ajue kazi yake, jinsi ya kulichagua, na jinsi ya kulibadili.

KAZI YA CHUJIO

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo kwa nguvu, nayo huwaka yenyewe. Chombo kinyunyizacho huitwa nozeli, na kile kisukumacho dizeli ni pampu. Kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za namna hiyo kwa wingi katika mwaka 1927, na tangu hapo vyombo hivi vimezidi kufanywa kwa vipimo vya uangalifu mkubwa. Katika injini nyingi za siku hizi shinikizo la dizeli laweza kufika mara 2,000 ya shinikizo la hewa ya pwani, na nafasi iliyo baina ya chuma na chuma ndani ya nozeli ni maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Basi chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yatosha kukwaruza chuma hicho na kukiharibu. Zaidi ya hayo, dizeli yenyewe ndiyo ilainishayo vyuma vya pampu na nozeli. Maji yakishika mahali pake, vyuma husagana na kuingia kutu.

Kwa sababu hii malori mengi makubwa yana machujio mawili. La kwanza hukaa baina ya tangi na pampu ya kuvutia mafuta. Huzuia uchafu ulio mkubwa, mara nyingi kuanzia maikroni 10 hadi 30, na pia hutenga maji. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini ya chujio hilo, mahali penye kibomba kidogo cha kufungua kwa mkono. Chujio la pili hukaa mbele zaidi, kabla ya pampu ya shinikizo kubwa, nalo hukamata chembe ndogo, mara nyingi za maikroni 2 hadi 5.

UCHAFU WATOKA WAPI?

Bomba kuu la kupitisha mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafikishwa Eldoret. Katika bohari la Eldoret malori ya matangi hupakia mafuta ya kupelekwa magharibi ya Kenya na nchi za jirani. Lakini toka bohari hadi tangi la lori mafuta yana safari nyingine, na humo ndimo uchafu mwingi uingiamo. Hupita katika matangi ya vituo, katika mapipa yaliyokaa nje mvuani, katika mitungi isiyooshwa, na katika faneli iliyolala mavumbini tangu jana. Mafuta ya magendo yauzwayo kando ya barabara ndiyo mabaya zaidi, kwa maana hapana ajuaye yalitoka wapi wala yamechanganywa na nini.

Maji nayo yana njia yake. Nyanda za juu zina usiku wa baridi. Tangi likiachwa nusu tupu, hewa yenye unyevu iliyomo hupoa, na umande hushika kuta za tangi kwa ndani kama ushikavyo mabati ya nyumba alfajiri. Matone huteremka na kukaa chini ya dizeli. Tena mahali maji na dizeli yakutanapo huota vijidudu vifanyavyo utando mweusi wa kuteleza, na utando huo huziba chujio upesi sana. Yafaa basi kujaza tangi jioni baada ya kazi. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kibomba cha chujio la kwanza kifunguliwe mpaka itoke dizeli safi. Maji hayo yakikingwa katika chupa iangazayo, dereva ataona mwenyewe jinsi yalivyojitenga chini.

DALILI ZA CHUJIO LILILOZIBA

Injini huwa ngumu kuwaka. Lori likipanda mlima lenye mzigo hupungua nguvu, ingawa katika tambarare laenda vizuri. Mlio wa injini hupanda na kushuka, na mwisho injini huzimika. Ikipumzishwa kidogo huwaka tena, kisha huzimika mbele kidogo. Dalili hizi zaweza kuwa na sababu nyingine pia, lakini ni busara kutazama chujio kwanza kabla ya kufungua pampu.

Madereva watokao pwani hushangaa kwamba lori lililokwenda vyema mpaka Nairobi laanza kusumbua kwenye milima ya Timboroa. Sababu yake yaeleweka. Pampu ya kuvutia mafuta hutegemea uzito wa hewa usukumao dizeli kutoka tangini. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, yaani karibu futi 7,000, na hapo shinikizo la hewa limepungua kwa kiasi cha moja ya tano. Timboroa ni juu zaidi ya mita 2,700, na huko upungufu wapita robo. Kwa hiyo chujio la kwanza lililoziba nusu, ambalo huko chini lilipitisha dizeli ya kutosha, huku juu halipitishi tena, na hapo ndipo injini yenye mzigo yaihitaji zaidi.

Jambo hili si la gharama tu. Injini ikizimika mlimani, usukani huwa mzito na mtambo ujazao hewa ya breki husimama. Lori lenye tani 27 za mahindi, yaani magunia 300 ya kilo 90, likisimama gizani penye ukungu, ni hatari kwa dereva na utingo wake, na kwa kila ajaye nyuma.

KUCHAGUA CHUJIO

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kuchagua chujio kwa kutazama umbo lake. Machujio mawili yaweza kuwa na urefu mmoja na nyuzi za kufungia zilizo sawa, na karatasi za ndani zikawa mbalimbali kabisa. Mnunuzi apaswa kwenda dukani na namba ya chujio iliyoandikwa katika kitabu cha gari, pamoja na namba ya injini.

Kisha aulize mambo mawili. La kwanza ni maikroni ngapi. La pili ni kiasi gani cha chembe za ukubwa huo hukamatwa, kwa kuwa chujio moja liandikwalo maikroni 10 laweza kukamata nusu tu ya chembe hizo, na jingine la maikroni zizo hizo likakamata karibu zote. Wala mtu asidhani kwamba chujio la matundu madogo zaidi ndilo bora kila mahali. Likifungwa mahali pa chujio la kwanza, litaziba upesi na kuinyima pampu mafuta.

Machujio ya bandia yako sokoni, ingawa Kenya ina sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa za namna hiyo. Maandishi yaliyokosewa au kufifia, gundi iliyomwagika, karatasi zilizokunjwa bila kulingana, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, ni mambo ya kumtia mnunuzi shaka. Ni vema kununua katika duka litoalo risiti.

KUBADILI CHUJIO

Lori lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa ipoe, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Kabla ya kufungua, chujio na mahali pake pafutwe vumbi lote. Dizeli itokayo ikingwe katika chombo. Chujio la zamani likitoka, fundi ahakikishe kwamba raba yake ya duara imetoka nalo. Raba mbili zikibaki pamoja, mafuta yatavuja au hewa itaingia.

Raba mpya ipakwe dizeli safi kidogo. Chujio lifungwe kwa mkono mpaka raba iguse, kisha likazwe kwa kadiri iliyoandikwa juu yake, ambayo mara nyingi ni nusu mpaka robo tatu ya mzunguko. Kulikaza mno kwa spana huharibu raba.

Wako mafundi ambao hulijaza chujio jipya kwa dizeli kwanza ili injini iwake upesi. Desturi hiyo ina hatari, hasa kwa chujio la pili, kwa sababu dizeli imiminwayo katika tundu la katikati huenda moja kwa moja kwenye pampu bila kuchujwa. Ni afadhali kuvuta mafuta kwa pampu ndogo ya mkono iliyo katika lori, na kutoa hewa kama kitabu kielezavyo. Halafu injini iwashwe na kutazamwa kama kuna mvujo. Katika mabomba ya shinikizo kubwa mvujo usitafutwe kwa kidole kamwe, maana dizeli yaweza kupenya ngozi na kumletea mtu jeraha baya.

Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli wala halipulizwi kwa hewa ili litumike tena. Karatasi hupasuka, na chujio lililopasuka hupitisha kila kitu. Nayo dizeli chafu isimwagwe mtaroni, kwani mvua huipeleka katika mto Sosiani.

JAMBO LISILOWEZEKANA KWA CHUJIO

Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hupita katika chujio lolote, kwa kuwa ni kimiminiko kama dizeli yenyewe. Lakini hayalainishi vyuma vizuri, na pampu huchakaa kabla ya wakati wake. Ili kuzuia uchanganyaji huo, Serikali ya Kenya katika mwaka 2018 iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kinga ya mwenye lori ni kununua katika kituo cha kuaminika na kuweka risiti.

HESABU YA SAFARI

Muda wa kubadili chujio hutofautiana kwa kila injini, nao umeandikwa katika kitabu cha gari. Mahali penye vumbi au mafuta ya shaka yafaa kuupunguza. Toka Mombasa hadi Malaba ni kilomita 920 hivi, na kwenda na kurudi ni 1,840. Lori lifanyalo safari 10 za namna hiyo limekwenda zaidi ya kilomita 18,000, na wako wenye malori ambao hawakumbuki walibadili chujio lini. Dawa yake ni daftari ndogo ndani ya gari, yenye tarehe, kilomita na namba ya chujio lililofungwa. Na chujio moja la akiba, likiwa bado katika karatasi zake, lisikosekane chini ya kiti.

Bei ya nozeli moja ya injini ya kisasa yaweza kununua machujio mengi, na juu yake kuna siku ambazo lori limelala, mshahara wa watu wasiofanya kazi, na mzigo wa mwenyewe uliochelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye lori aangaliaye chujio lake kwa wakati huokoa fedha yake, na dereva wake hupita Timboroa usiku bila kusimama.