Sh2,000 za Serikali na Bili Inayolipwa na Wanawake

Mwaka 2009 sensa ya Kenya ilipata watu milioni 1.3 wenye ulemavu, sawa na asilimia 3.5 ya wananchi. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa na watu milioni 47.6, lakini wenye ulemavu walikuwa wamepungua hadi kama laki tisa, asilimia 2.2. Hakukuwa na muujiza wa uponyaji katikati. Yalibadilika maswali. Mwaka 2019 makarani waliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, wakawahesabu wale tu waliosema wanapata shida kubwa au hawawezi kabisa. Watoto walio chini ya miaka mitano waliachwa nje. Nchini Tanzania, sensa ya 2022 ilitoa takriban asilimia 11. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani, yaani watu bilioni 1.3.

Nayaweka haya mbele kwa sababu Hazina ya Taifa hupanga fedha kwa kuangalia hesabu ndogo, na hata hiyo hesabu ndogo haifikiwi.

Kwa kipimo hichohicho kigumu cha sensa ya Kenya ya 2019, wanawake ndio wengi: 2.5 kati ya kila 100, wanaume 1.9. Ukipiga hesabu, kwenye kundi la watu 100 wenye ulemavu, karibu 57 ni wanawake. Mashambani ni asilimia 2.6, mijini 1.4. Umri unaeleza sehemu ya tofauti, maana wanawake huishi miaka mingi zaidi, na magoti, macho na masikio hayasubiri mtu. Shida ya kutembea ndiyo inayoongoza, asilimia 42 ya wote. Basi anayetaka kupanga huduma amfikirie kwanza mama wa kijijini ambaye miguu imemgomea na zahanati iko mbali. Kijana wa mjini tunayemwona kwenye mabango ni sehemu ndogo ya hesabu.

Sasa tuje kwenye fedha. Ndani ya Inua Jamii, mpango wa ruzuku wa serikali, kuna ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia saa 24. Kaya inapewa Sh2,000 kwa mwezi, na malipo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara. Kiwango hicho hakijaguswa kwa zaidi ya miaka kumi. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, jambo ambalo Mkenya hahitaji kuelezwa, kila kitu huwa ghali maradufu baada ya miaka 12, kwa hiyo Sh2,000 ya leo inafanya kazi ya Sh1,000 ya wakati ule. Kwa siku ni Sh67. Kwa miaka mingi mpango ulilenga kaya zipatazo 47,000. Zidisha: Sh1.13 bilioni kwa mwaka. Linganisha kaya 47,000 na watu laki tisa wa sensa, utapata kama asilimia 5.

Lakini kazi yenyewe ya kuhudumia mtu usiku na mchana ina bei gani? Sheria ya Kenya inatupa kipimo. Novemba 2024, mshahara wa chini kabisa wa kibarua wa shambani asiye na ujuzi uliwekwa kuwa Sh7,997 kwa mwezi, na wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi Sh16,113. Tuseme kila kaya kati ya hizo 47,000 ingemwajiri mlezi mmoja kwa mshahara wa shambani. Bili ingekuwa Sh4.5 bilioni kwa mwaka. Kwa mshahara wa Nairobi ingepita Sh9 bilioni, na hapo bado ni mlezi mmoja, wakati hakuna binadamu anayeweza kukesha saa 24 siku saba. Serikali inatoa Sh1.13 bilioni. Kinachobaki, Sh3.4 bilioni kwa hesabu ya chini, kinalipwa na mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha bajeti.

Mtu huyo tunamjua. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021, uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS), ulionyesha kuwa wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa, wanaume asilimia 3.6. Ni saa nne na nusu dhidi ya dakika 52. Na huo ni wastani wa nyumba zote, zikiwemo ambazo hazina mgonjwa wala mtu mwenye ulemavu.

Hapa ndipo wanaharakati wenye ulemavu wanapotofautiana na wengi wanaojiita watetezi wao, na nadhani wako sahihi. Hoja ya kumlipa mlezi, ikiachwa peke yake, inamgeuza mwanamke mwenye ulemavu kuwa mzigo unaotafutiwa mbebaji. Yeye mwenyewe ni mama, ni mke, ni dada mkubwa, analea watoto na mara nyingi anamtunza mzazi mzee. Katika ruzuku ya ulemavu mkubwa, anayepokea fedha ni mlezi. Mlezi akiwa mwema, vyema. Akiwa shemeji anayezipeleka kwingine, mwenye haki hana hata risiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, umewatengea wanawake na wasichana kifungu kizima cha 6, na cha 19 kinazungumzia haki ya mtu kuishi kwa kujitegemea katika jamii. Kwa lugha ya bajeti, kujitegemea maana yake ni fedha kufika mkononi mwake, au pale asipoweza, kuwe na mtu wa kukagua zimeendaje.

Kuna upande wa pili wa daftari ambao hausemwi sana. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti hatozwi kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Kwa viwango vya sasa, mtu asiye na msamaha mwenye mapato hayo yanayotozwa kodi hukatwa zaidi ya Sh37,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye payslip nono anaachiwa na serikali zaidi ya mara 18 ya kile anachopewa mama wa Sh2,000. Sisemi msamaha ufutwe. Mwenye mshahara naye hununua vifaa, hulipia msaidizi na teksi pale matatu inapokataa kumsubiri. Nasema nchi tayari imekubali kwamba ulemavu una gharama, ikaikadiria kwa makumi ya maelfu kwa mwenye kazi rasmi na kwa Sh67 kwa siku kwa asiye nayo. Wanawake wa mashambani wako wapi kati ya makundi hayo mawili, msomaji anajua.

Vifaa navyo vina hesabu yake. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 ilisema watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kuanzia miwani hadi kiti cha magurudumu, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata wanachohitaji ni asilimia 3 tu. Kiti cha Sh25,000 ni ruzuku ya mwaka mmoja na zaidi, bila kula. Mchango wa chini wa bima ya afya ya jamii, SHA, ni Sh300 kwa mwezi: asilimia 15 ya ruzuku, isipokuwa serikali imlipie. Nauli ya kwenda hospitali kufanyiwa tathmini ya kupata kadi ya ulemavu ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, kwa sababu mwenye ulemavu mkubwa haendi peke yake.

Kwenye karatasi tumesonga mbele. Katiba ya 2010 inataka angalau asilimia 5 ya viti vya kuchaguliwa na kuteuliwa viende kwa watu wenye ulemavu. Kwa Bunge la Taifa lenye wabunge 349, hiyo ni watu 18, idadi ambayo haijawahi kufikiwa. Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025. Seneta Crystal Asige, ambaye haoni, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mswada wa sheria hiyo. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga asilimia 5 ya nafasi, ambayo kwa kampuni ya watu 20 ni mtu mmoja. Nje ya Bunge, mashirika ya wanawake wenyewe yanaziba mapengo kwa njia nafuu: This-Ability, lililoanzishwa na Lizzie Kiama, lina huduma ya Mama Siri inayowapa wanawake wenye ulemavu habari za afya ya uzazi kwa simu ya kawaida, bila intaneti.

Je, nchi inaweza kumudu zaidi? Kuwapa watu wote laki tisa wa sensa Sh2,000 kwa mwezi kungegharimu Sh21.6 bilioni kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa Sh4.29 trilioni, kwa hiyo ni nusu ya asilimia moja. Kupandisha ruzuku ya zile kaya 47,000 hadi Sh8,000, karibu sawa na mshahara wa shambani, kungeongeza Sh3.4 bilioni, chini ya senti nane katika kila Sh100 za bajeti. Kenya ilikuwa mwenyeji mwenza wa mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu ulemavu, London mwaka 2018. Mkutano wa Berlin, Aprili 2025, ulitoa azimio kwamba kufikia 2028 angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo za kimataifa zinazotekelezwa katika nchi ziwe na lengo la kuwajumuisha watu wenye ulemavu. Vipimo ni tofauti, lakini sisi tunazungumzia nusu ya asilimia moja ya bajeti.

Mapendekezo haya hayafiki kwenye bajeti kwa kusubiri maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, Desemba 3. Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya tarehe hizo, mara nyingi katika kumbi zenye ngazi na zisizo na mkalimani wa lugha ya ishara. Mkalimani na ukumbi wa chini ni gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na kaunti yoyote inaweza kuilipa mwaka huu bila kusubiri Nairobi.