Paka wa Jirani: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Walukuba, pale Jinja, nyumba zimepangwa safu kwa safu na ua ni wa wote, kwa hiyo paka wa mmoja ni mgeni wa kila mlango. Namakwekwe na Nkoma, Mbale, mambo ni yale yale. Wenye kuchoshwa naye hupeana dawa za kumfukuza, na baadhi ya dawa hizo zinaua. Tuzipime.

"Mtie guniani, ukamwache ng'ambo ya Nile." Uongo. Paka wengi hufanya kila njia kurudi walikozoea, na wengi hufia njiani kwa magari au kwa njaa. Hata huyo asiporudi, kilichomleta bado kiko kwako, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Akiwa jike mwenye mimba, ndani ya miezi miwili una watoto darini. Tena, kumkamata kwa nguvu ni kujitafutia meno. Wanaosema kichaa cha mbwa hakimpati paka wamekosea sana: akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Sumu kidogo, ni paka tu." Uongo, na hili linaniuma. Kipande cha samaki kilichopakwa dawa ya shambani hakijui kimewekewa nani. Kuku atakidonoa, mbwa atakibeba, mtoto anayetambaa atakitia mdomoni. Paka mwenyewe hufa kwa mateso makali, na sheria ya Uganda inakataza ukatili kwa wanyama tangu kabla ya uhuru.

"Mwaga mabaki ya kahawa." Mbale, mji wa kahawa ya Mlima Elgon, ushauri huu hauna gharama. Ni kweli nusu: harufu humkera, lakini kafeini ni sumu kwake, na atailamba akisafisha nyayo. Pilipili nayo humwingia machoni kwa njia hiyo hiyo. Maganda ya machungwa ni salama zaidi, ila yakikauka harufu imekwisha, lazima uweke mengine.

"Panga chupa za maji, ataogopa." Uongo. Atazizunguka.

"Paka mweusi katumwa." Uongo. Kaja na njaa kama wenzake.

"Hufuata chakula tu." Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Hufuata pia udongo laini. Tazama lundo la mchanga wa ujenzi lililokaa mbele ya nyumba isiyokwisha: vishimo vidogo vimefukiwa vizuri, na ukichota mchanga kwa koleo harufu inakupanda puani. Lifunike kwa turubai, ulikandamize kwa mawe pembeni. Kwenye tuta la sukuma wiki, laza wavu wa kuku juu ya udongo, miche ipenye matunduni. Paka hapendi kukanyaga waya wala hawezi kufukua. Dagaa wa Masese, hao mukene, waanike juu ya kichanja chenye wavu, si chini kwenye mkeka. Pipa la taka liwe na kifuniko, na tundu la kuingilia darini lizibwe, lakini kwanza hakikisha hakuna watoto wa paka ndani.

"Kinyesi kikikaa hakina madhara." Kinyume chake. Vijidudu vya toksoplazima huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano, na huweza kudumu udongoni miezi mingi. Kiondoe kila siku ukiwa na glavu. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo.

"Kumwambia jirani ni kutafuta ugomvi." Uongo, ukienda kwa salamu na si kwa fimbo. Mwombe amlishe paka wake nyumbani kila jioni kwa saa ile ile, na amhasi. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na jike aliyefungwa kizazi hapigi kelele za usiku. Ofisi ya mifugo ya wilaya itawaelekeza kwa daktari, na gharama mnaweza kuchangiana, kwa kuwa usingizi unaokatizwa ni wenu nyote.